Fundi Aliyeonja Kuta

Kabla hajamwamkia mtu yeyote nyumbani kwetu Ghubra, mjini Maskati, alilamba ukuta. Aliinama chini ya dirisha la majlisi, chumba chetu cha wageni, akatoa ulimi, akaugusisha kwenye plasta, kisha akasimama kimya akimung'unya mate kama mpishi anayeonja mchuzi. Akamgeukia baba, akamwambia kwa Kiingereza, nami nikatafsiri, kwamba ukuta una chumvi, na kwamba hatatia rangi mpaka chumvi hiyo itoke.

Baba alikuwa amemwita kwa ajili ya maua ya dari tu. Akanitazama mimi, binti yake, kwa kuwa ndiye niliyesomea majengo. Nyumba ilijengwa kwa mchanga wa pwani, jambo lililojulikana na mtaa mzima ingawa hakuna aliyelitaja.

Mama alikuwa mlangoni, kashika sinia ya kahawa.

"Kalamba ukuta," alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayetoa ushahidi. "Nimemwona kwa macho yangu."

Tulimwita Fundi. Alikuwa Mhungaria, mchoraji wa kuta na dari, na jina lake la kwao mama alilijaribu mara mbili akaliacha. Alizaliwa wapi hasa na kwa nani, sikumwuliza, naye hakusema. Nilijua tu kwamba aliletwa Maskati mwanzoni mwa miaka ya tisini pamoja na wenzake kupamba nyumba ya tajiri mmoja. Kazi ikaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Alipanga chumba Matrah, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, akawa anapata kazi kwa kutajwa mdomoni. Aliyemaliza dari yake humtaja kwa shemejiye, shemeji humtaja kwa jirani. Ndivyo alivyotufikia sisi.

Ukimwita msanii, alinuna. "Msanii ana marafiki wengi na ukuta mbovu," alikuwa akisema. Fundi lilimtosha, na nadhani lilimfurahisha, maana siku moja nilimsikia akijitambulisha hivyo kwenye simu, kwa Mwingereza ambaye bila shaka hakuelewa.

Kiswahili chake kina kisa. Nyumbani kwetu alikaa miezi minane, na kwa miezi hiyo waliomsemesha mchana kutwa walikuwa wawili: mama, aliyezaliwa Unguja na kulelewa huko mpaka ukubwani, na Agnes, dada aliyekuwa akitusaidia kazi, mtu wa Morogoro. Baba alikuwa kazini, mimi nilikuwa kazini. Fundi alilala chali juu ya jukwaa la mbao akichora majani, na huku chini wanawake wawili wanachambua mchele na kuzungumza. Akaanza kuokota maneno. Mama akayapenda masikio yake, akawa anamfundisha: hii dari, huu ufagio, sema shikamoo, mimi mkubwa kwako.

Siku moja akaenda sokoni Matrah kununua kamba nyembamba ya kupigia mistari. Akamwamkia mwenye duka, Mhindi wa miaka mingi pale: "Shikamoo, nnataka kamba." Mwenye duka akamwita jirani. Jirani akamwita jirani yake. Mwisho akatoka mzee mmoja muuza ubani, mzaliwa wa Pemba, akamsikiliza, akaangua kicheko.

"Nani kakufunza maneno haya?"

"Bi Mkubwa wa Ghubra."

"Sasa mbona hawa unawasemesha Kiswahili?"

Alirudi kwetu na teksi, uso umemwiva. Mimi nilikuwepo, ilikuwa Alhamisi, siku ya mapumziko.

"Miezi minane!" alimfokea mama. "Miezi minane mimi nafikiri hii Kiarabu!"

Mama ilibidi aketi kwa kucheka. "Na wewe hukuuliza."

"Niliuliza! Nilisema, hii ndiyo lugha ya nyumba hii? Ukasema ndiyo."

"Basi ni uongo?"

Hakujifunza Kiarabu tena, zaidi ya salamu na majina ya rangi. Alisema kichwa chake kina nafasi ya lugha moja ya kigeni, na nafasi hiyo mama kaijaza. Akabaki na Kiswahili chake cha mikono miwili, nusu ya mama na nusu ya Agnes, na aliweza kusema kwa pumzi moja, "Nnakuja, Bi Mkubwa, usijali, niko fiti."

Kazi yake ilikuwa ya polepole kiasi cha kumtia mtu wazimu. Kwa wiki tano za mwanzo hakugusa brashi. Alilowesha karatasi za magazeti mpaka zikawa uji, akaubandika uji ule ukutani, akaungoja ukauke, akaubandua. Chumvi ilitoka nao, nyeupe, kama ukungu wa mkate. Akabandika tena. Baba alirudi kila jioni akakuta majlisi yake imevaa magazeti.

"Mwambie ukuta huu nataka kuuona kabla sijafa," baba aliniambia.

Nilimfikishia. Fundi akasema, "Mwambie, kwanza ukuta. Rangi ni mgeni, ukuta ndiye mwenye nyumba."

Kisha yakaja maziwa. Alimwomba mama maziwa yaliyoganda, mengi. Mama alifurahi, maana alimwona amekonda, akamgandishia bakuli kubwa na kumwekea na kijiko. Baada ya saa moja alitoka jikoni akiwa ameshika kichwa.

"Mwanangu, njoo uone! Nimempa maziwa ale, kayatia kwenye chokaa!"

Ndiyo ilikuwa rangi yake. Maziwa yaliyochujwa, chokaa iliyolowekwa muda mrefu, na unga wa rangi. Alisema babu zake wa kazi walipaka makanisa kwa dawa hiyo na bado hayajachujuka. Mama hakukubali kabisa. Kila asubuhi aliendelea kumpa maziwa mabakuli mawili, moja la ukuta na moja la tumbo, na alisimama pale mpaka la tumbo liishe.

Michoro aliitengeneza kwanza kwenye karatasi, akaitoboa kwa sindano kufuata mistari, tundu kwa tundu. Kisha akaibandika darini na kuipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Ukiondoa karatasi, unakuta jani limeachwa pale kwa vitone vidogo. Agnes alijifunza kutoboa. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa Fundi, na Fundi alimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza, jambo ambalo Agnes alilisimulia kwa watu kwa miaka.

Baba alikuwa na sharti moja: hakuna picha ya kiumbe chenye roho. Fundi, aliyekulia kwenye kupaka watakatifu, alilikubali bila neno. Aliniambia ujana wake wote alichora miguu ya watakatifu, kwa sababu nyuso walichora wakubwa, na kwamba kuchora majani kwake ni mapumziko. Ila siku moja baba alisimama katikati ya majlisi, kichwa kakiinua, akanyoosha bakora.

"Lile ni ndege."

"Ni jani," alisema Fundi.

"Lina mdomo."

Wakabishana, mimi nikitafsiri. Mwisho Fundi akapanda jukwaa, akakaa pale akiangalia, akashuka. "Mzee ana haki," alisema. "Sikukusudia, lakini ni ndege." Akapanda tena akakitia kichwa kile jani jingine juu yake. Baba aliheshimu hilo. Tangu siku hiyo akawa anamwita kula naye, na wakawa wanakula bila kuzungumza, maana baba alijua Kiarabu tu na hawakuwa na lugha ya pamoja, na wote wawili walionekana kustarehe nayo hali hiyo.

Nisimpambe. Alikuwa mkali. Alimrushia brashi kibarua aliyevuta mstari ukaenda upande, kisha mchana akampikia supu ya samaki yenye pilipili nyekundu aliyokuja nayo kutoka kwao kila mwaka, na akawa anamtazama anavyokula kwa wasiwasi kama mama mkwe. Kuomba radhi kwa mdomo hakuweza. Alikuwa mchafu wa nguo na msafi wa vyombo. Shati lake lingeweza kusimama lenyewe kwa chokaa, lakini brashi zake alizikosha kwa sabuni ya kuogea na kuzilaza kwenye kitambaa. Alikuwa na binti huko kwao. Kila Ijumaa alikwenda kwenye kibanda cha simu na kadi yake, akazungumza kwa sauti kubwa kama aliyekuwa akimwita ng'ambo ya mto, na alipotoka hakutaka kusemeshwa kwa saa nzima.

Na alikuwa na uongo mmoja. Alitusimulia mara nyingi jinsi alivyopaka kuba la ukumbi mkubwa wa michezo ya kuigiza huko kwao: urefu wake, mawingu yake, dhahabu yake. Mama alizijua habari za kuba lile kama aliyelala chini yake. Kazi ya kwetu ilikwisha lakini hakuacha kuja kututembelea, na mwaka mmoja alirudi kutoka likizo na albamu ya picha. Agnes, aliyekuwa akiifunua, akasimama kwenye picha moja.

"Jamani, Fundi, hapa si wewe? Mbona umeshika ndoo tu?"

Aliichukua albamu, akaifunga, akaondoka. Hakuja kwa wiki nzima. Alipokuja alikaa jikoni, mbele ya mama na Agnes, na mimi nikiwa nakunywa chai.

"Nilishika ndoo miaka minne," alisema. "Kwenye kuba nilipaka wingu moja. Kubwa hivi." Akaonyesha kwa mikono, kiasi cha sinia.

"Wingu si haba," mama alisema, akamsogezea mkate.

Hakulitaja kuba tena.

Mimi nilikuwa na kazi katika ofisi inayoshughulikia majengo ya zahanati. Nilipopata nafasi ya kupendekeza mtu wa kupamba ukumbi wa kungojea wa zahanati moja huko Sib, ukumbi wa kina mama na watoto wachanga, nilimtaja yeye. Kabla ya kuanza alikwenda kukaa pale siku tatu. Alikaa sakafuni. Wauguzi walidhani ni mgonjwa. Aliporudi alisema watoto hawaketi kwenye viti, wanateleza chini na kukaa miguuni mwa mama zao, kwa hiyo picha itaanzia sakafuni na kuishia kwenye kifua cha mtu mzima. Juu yake patabaki peupe.

Mkubwa wangu alilalamika kwamba wageni rasmi wakija wataona ukuta mtupu. Fundi akasema wageni rasmi wainame.

Ilimchukua miezi minne. Alichora bustani ya milimani: mikomamanga, mawaridi, mirihani, mifereji ya maji inayopita chini ya mawe. Hakukuwa na kiumbe, lakini majani yalikuwa yamelala upande mmoja kana kwamba kuna kitu kimepita sasa hivi. Watoto waliyagusa. Kwa mwaka wa pili makomamanga ya chini yalikuwa yameanza kufifia kwa vidole vyao, na nilipomwambia Fundi kwamba tutaweka kamba kuwazuia, aligomba. Alisema huo ndio uzee mzuri wa ukuta.

Sasa nieleze nililolifanya.

Miaka ikapita, baba akafariki, Agnes akarudi kwao akaolewa. Zahanati ilizidiwa na watu. Maji ya viyoyozi yalikuwa yakivuja, ukuta umeanza kuvimba unyevu, na mpango ukaja wa kupanua ukumbi na kuweka vigae vinavyooshwa. Faili lilifika mezani kwangu Jumatano, siku ya mwisho ya kazi kwa wiki. Ndani yake kulikuwa na fomu, na kwenye fomu swali: je, ndani ya jengo kuna kazi ya sanaa au kitu kinachostahili kutunzwa? Nikijibu kipo, lingeundwa jopo, wangekuja kutazama, wangeandika, na kina mama wangebaki kwenye ukumbi unaovuja kwa miezi sita au zaidi. Mama yangu alikuwa mgonjwa na nilitaka kurudi nyumbani. Nafasi ya mkuu wa idara ilikuwa wazi, na mkubwa wangu alikuwa ameshasema kwamba anapenda watu wanaomaliza mafaili.

Niliandika "hakuna". Nikatia sahihi.

Vigae viliwekwa kwa wiki mbili. Sikumwambia Fundi. Nilikusudia kumwambia mwezi ule, kisha mwezi wa pili, kisha ukawa umepita wakati ambao kumwambia kungekuwa jambo la kawaida. Naye alikuwa na mazoea, kila alipokuja kumwangalia mama, ya kuniuliza habari za ukuta ule kama anavyouliza mtu habari za jamaa.

"Ukuta wangu wa Sib hajambo?"

Kila ukuta aliutia kwenye ngeli ya watu. Mama alikuwa ameacha kumsahihisha.

"Hajambo," nilisema mara ya kwanza.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Hajambo. Hajambo sana. Siku moja hata niliongeza kwamba watoto bado wanalishika lile komamanga kubwa. Mama alikuwa kitandani, akanitazama, naye hakujua lolote, lakini alinitazama. Hali hiyo iliendelea miaka miwili. Nilikipata kile cheo.

Mama alipofariki Fundi alikuja msibani, akakaa na wanaume nje kwa siku zote tatu, kavaa shati safi ambalo sikuwahi kuliona. Hakuniuliza habari za ukuta. Nilishukuru, nikidhani ni heshima ya msiba.

Miezi michache baadaye nilisikia kwamba anarudi kwao moja kwa moja. Macho yalikuwa yakimwishia katikati. Alikuwa akiona pembe za vitu na kukosa kitu chenyewe, na binti yake alikuwa amemwandalia chumba. Nilikwenda Matrah kumuaga, saa nne asubuhi. Duka la vitambaa lilikuwa limefunguliwa, na nilipanda ngazi nikiwa na mkate wa nyumbani na nia ya kukaa nusu saa.

Chumba kilikuwa kimeshafungwafungwa. Alinitengea kiti kwa kupapasa. Tukazungumza habari za ndege, za baridi ya huko, za Agnes, ambaye sasa alikuwa na watoto watatu. Nilikuwa nimeshanyanyuka niliposikia sauti yangu ikisema:

"Fundi, ukuta wa Sib haupo. Waliweka vigae. Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Hakushtuka. Aliugeuza uso wake pembeni kidogo, ndivyo alivyoweza kuniona.

"Najua," alisema. "Nilikwenda kwa basi, kupima presha. Mwaka juzi. Muuguzi aliniambia karatasi imetoka ofisi yenu."

"Mwaka juzi?"

"Vigae vimekaa vizuri. Aliyeviweka ana mkono. Ila kwenye kona amekata vibaya."

Nikakaa tena. Nilimwuliza kwa nini aliendelea kuniuliza, ikiwa alijua.

"Nilikuwa nakungoja useme."

Nilianza kumweleza habari za fomu, jopo, unyevu, kina mama waliokuwa wakingoja. Yote yalikuwa kweli. Alinikatiza kwa mkono.

"Binti, sikiliza. Mimi kijana nilipewa ndoo ya chokaa, nikaambiwa funika watakatifu wa mchoraji mmoja. Mzuri kuliko mimi. Nikafunika, mara mbili, mpaka macho yao yakapotea. Kuta zinafunikwa. Sikukasirikia ukuta." Akatafuta neno, na nikaona kwamba alikuwa akilitafuta kwenye Kiswahili cha mama. "Nilikasirikia hajambo. Wewe ndiye mtu pekee hapa nchini aliyekuwa ananiambia kama kazi ni mbaya. Sasa nikawa sijui. Kila ulilonisifia, nikawa sijui."

Nikamwomba radhi. Alitikisa kichwa kama mtu anayeondoa nzi, akauliza kama ule mkate nimeuleta wa kutazamwa. Nilimkatia, nikamtilia chai. Alikula kipande kizima. Huko chini mwenye duka alikuwa akipima kitambaa na kuhesabu dhiraa kwa sauti.

"Niambie kweli sasa," alisema Fundi. "Wewe uliuona kwa miaka. Ulikuwa mzuri?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Alikuwa anaondoka, alikuwa haoni, asingerudi. Nilifumba macho nikaupitia ukumbi ule kuanzia dirishani, jani kwa jani, kama nilivyokuwa nikiukagua zamani na kalamu mkononi.

"Upande wa dirisha ulikuwa mzuri sana," nilisema. "Maji yake sijapata kuyaona popote. Makomamanga uliyatia wekundu kupita kiasi, yalikuwa mazito, yalikuwa yanavuta jicho chini. Mawaridi yalikuwa ya mazoea tu, umeyachora mara mia. Na kule karibu na mlango ulichoka, Fundi. Ulirudia karatasi ile ile mara tatu ukadhani hatutaona."

Nilidhani nimemuumiza, na pengine nilimuumiza. Kisha akauvuta mkeka kwa mguu, akasogeza kiti chake karibu na changu, akauelekeza uso wake dirishani ili anipate kwa pembe ya jicho.

"Mara nne," alisema. "Endelea."